Salamu za Darasa la Juu

Chuo chetu cha biashara kilikuwa kimekodi nyumba ya mawe Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu. Wenzangu walisifu upepo wake. Mimi nililaani ngazi zake. Darasa la usimamizi lilikuwa juu kabisa, katika chumba ambacho zamani watu walilala, wakazaliwa na wakafia humo.

Bibi alinilea kwa neno moja: "Usiingie nyumba kimyakimya, mwanangu. Hata kama hamna mtu, toa salamu." Kwa hivyo kila nilipofika wa kwanza, nilisimama mlangoni na kusema, "Asalaam aleikum." Mwalimu wetu, mtu wa bara, alinikuta siku moja akacheka.

"Unasalimia viti?"

"Ni adabu tu, mwalimu," nikamjibu, nimeudhika.

Muhula wa mwisho ilinibidi nisimame mbele ya watahini nitetee mpango wangu wa biashara. Mpango wenyewe ulikuwa duka la leso za kujifunga la marehemu mama, lililokuwa limefungwa tangu afariki. Ami, ndugu wa baba aliyebaki na funguo, alishasema: nikipata stashahada atanikabidhi funguo, nikianguka ataliuza. Na mimi mbele ya watu ulimi huganda. Nikaamua kufanya mazoezi peke yangu darasani, kila siku baada ya alasiri.

Siku ya kwanza nilitoa salamu kama kawaida. Kutoka pembeni, penye kidaka, kile kishubaka cha ukutani cha kuwekea vitu, sauti ya mwanamke ikaitika taratibu, "Waaleikumu salaam."

Nilidhani ni jirani. Nikatazama dirisha; lilikuwa limefungwa. Miguu ilitaka kushuka ngazi bila mimi. Lakini nililikumbuka duka, nikaanza kuzungumza na kile kidaka habari za wateja na bidhaa. Nilipoharakisha, kiti kitupu kilichokuwa chini yake kililia, kama mtu anayejigeuza kwa kuchoka. Nikapunguza mwendo, nacho kikanyamaza.

Ikawa hivyo siku zote. Niliogopa kila nilipokwenda, na nilikwenda.

Siku ya mtihani darasa lilijaa. Nilisalimia, wote wakaitika kwa pamoja, ile sauti nisiisikie. Nikakikazia macho kidaka, nikazungumza nacho mpaka mwisho. Ulimi haukuganda hata mara moja. Walipotangaza kwamba nimefaulu, nilishuka mbio kumpigia ami simu.

Nilikuwa nimesahau mkoba. Nikarudi juu, wenzangu wameshaondoka, nikaingia kwa furaha bila kusema neno.

"Asalaam aleikum," sauti ikanisalimu, safari hii karibu na sikio langu.

Salamu ni lazima iitikiwe. Nilifungua mdomo, ulimi ukaganda. Nikanyakua mkoba nikakimbia.

Sasa duka la mama ni langu. Kila asubuhi nikilifungua, nasimama mlangoni, natoa salamu, nangoja. Hakuna anayeitika, kama nami nisivyoitika siku ile, na jambo hilo huniuma kuliko nilivyowahi kuogopa.