Mkuu wa Majeshi Alipoulizwa na Bibi

Siku hiyo nilikuwa Mkuu wa Majeshi, kama kawaida. Kofia niliitengeneza kwa gamba la mgomba, nikaipachika vizibo vya soda mbele, nikawa nakagua kuku wa Bibi nyuma ya jiko. Jogoo alikataa kusimama wima. Nikamshusha cheo palepale.

Kaka yangu Deo, askari wa kweli, alikuwa amekuja kijijini kwetu Kamachumu kwa likizo. Alikaa kwenye kigogo akimenya ndizi za mchana.

"Wewe Mkuu gani unabweka hivyo?" aliniuliza. "Mimi yule mwenyewe nimemwona kwenye gwaride. Anaongea polepole. Jeshi zima linakusikiliza, kelele za nini?"

"Praiveti, kimya! Piga pushapu!"

"Ndiyo, Afande!" Akapiga kweli, mikono yote utomvu. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamuuliza kwa Kihaya kama amekula.

Hilo ndilo lilikuwa swali la Bibi. Ungeweza kufika kwake umevunjika mguu, angeanza na hilo. Ndiye aliyetulea baada ya Mama kufariki, akamlea na Baba kwa mara ya pili. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei ya kahawa.

Likizo ilipokwisha, Deo akapelekwa Kongo kulinda amani. Nilimuuliza ni amani gani hiyo inayolindwa kwa bunduki. Akasema niwaulize wakubwa zangu, halafu akakumbuka kwamba hakuna mkubwa kuliko mimi. Tangu hapo kila akipiga simu alianza hivi: "Afande Mkuu wa Majeshi, naripoti. Hali shwari." Nami nilimjibu: "Endelea kulinda. Na kofia ya bluu usisahau kuniletea."

Jumapili moja, baada ya Misa, alinipigia nikiwa kibanjani nachuma kahawa.

"Hali shwari," alisema.

Nyuma yake kitu kikapasuka. Kisha kingine, karibu zaidi.

"Nini hiyo?"

"Mvua. Inapiga bati."

Nyumba yetu ni ya bati. Mvua ya bati naijua.

"Praiveti, nakuamuru uingie ndani."

Hakucheka. "Ndiyo, Afande," alisema. Simu ikakatika.

Sikumwambia Bibi. Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba walinda amani wetu wameuawa. Majina haikutaja. Baba alizima redio, akaiwasha, akaizima tena.

Kisha gari la kijani la jeshi likapanda kilima chetu polepole, likiuliza njia kila nyumba.

Kwenye maziko Mkuu wa Majeshi wa kweli alikuja mwenyewe. Kijiji hakikuamini. Alitembea kwenye matope ya kibanja kama sisi wote. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Bibi, kofia yangu ya mgomba nimeificha chini ya kitanda.

Ofisa mmoja akatangaza kwamba jeneza halitafunguliwa.

Bibi akaenda kukaa kwenye udongo mbichi, mdomoni mwa kaburi, mkono wangu bado ameushika. Baba alimsihi, Padre alimsihi. "Simfukii mtu nisiyemwona," alisema. "Sanduku lolote linaweza kuletwa." Moyoni nilikuwa upande wake. Kama aliyemo si Deo, basi Deo yuko mahali kwenye mlima anazungusha simu akitafuta mtandao.

Mkuu akaja, akachuchumaa mbele yake. Akauliza nani amsaidie Kihaya. Watu wakanitazama mimi.

Bibi alimwangalia usoni.

"Waitu," alisema, kama tunavyomwita mtu wa heshima, "siku ile mtoto wangu alikuwa amekula?"

Nikatafsiri. Mkuu akavua kofia.

"Sijui," alisema.

Nikamgeukia Bibi, nikamwambia alikula, tena akashiba. Lilitoka lenyewe, kama utani unavyonitoka. Bibi aliuachia mkono wangu.

Mkuu aliona. "Umemwambia nini?"

"Kwamba alikula."

Nilingoja anifokee. Kwa cheo kile angeweza kunishusha cheo kama yule jogoo. Alisema polepole, vilevile alivyosema Deo kwamba huongea: "Mwambie sijui. Mwambie mimi ndiye niliyemtuma kule, na sijui. Naenda kuuliza."

Akaingia kwenye migomba na simu yake, peke yake. Tulimwona akisikiliza, akiuliza, akisikiliza tena, kofia kwapani. Padre akatafuta kiti. Manyunyu yakaanza, na hakuna aliyekimbilia barazani. Jeneza likakaa juu ya viti viwili vya kanisa, na Bibi kwenye udongo wake.

Mkuu akarudi, akachuchumaa palepale.

"Hakula," alisema. "Walishambuliwa kabla hajala. Alimwachia mwenzake ale kwanza, sahani yake ikabaki imefunikwa. Huyo mwenzake yu hai, nimeongea naye sasa hivi. Ndiye aliyemtambua. Ndiye aliyemnawisha uso."

Nilitafsiri yote. Sikuongeza kitu, sikupunguza. Sauti ilinikatikia kwenye sahani, nikarudia.

Bibi akasema, akinitazama mimi, si yeye: "Mwongo angeniambia alishiba."

Akanyoosha mkono. Mkuu akamwinua.

"Mzikeni mtoto," alisema Bibi.

Mkuu wa Majeshi akasimama wima, akampigia saluti praiveti. Risasi za heshima zilipolia, kuku walitawanyika kibanja kizima, nami nikajikuta naangalia bati.

Sasa niko kidato cha tatu. Shuleni naigiza kila mtu: mwalimu wa zamu, mpishi, Padre anapotafuta miwani iliyo usoni mwake. Wanaonijua tangu msingi huniomba yule wa zamani, Mkuu wa Majeshi. Kubweka bado naweza. Huwaambia ameenda kuuliza kitu, hajarudi.

Bibi hadi leo anapakua sahani moja zaidi ya idadi yetu. Ndizi na maharage, anaifunika, anaiweka pembeni ya mafiga. Hakuna anayeigusa mchana. Nikirudi kutoka shuleni jioni, ananiita kutoka jikoni.

"Afande, umekula?"

"Bado, Bibi."

Huwa imeshapoa. Naila yote.