Mfadhili Alipokuja Kula Kuku

Afisa wa kampuni ya sukari alifika kwetu, nje kidogo ya Shirere, na mfuko wa sukari mkononi. Kampuni ilikuwa tayari kunilipia shahada ya uzamili. Nilitaka kuchunguza jinsi makapi, yaani maganda yanayobaki miwa ikishakamuliwa, yanavyoweza kuzalisha umeme wa kuuzwa nje ya kiwanda. Bila kampuni, chuo ningekisikia tu redioni. Hilo nililijua, naye alijua kwamba nalijua.

Lakini mbona aje mwenyewe? Wenzangu walifadhiliwa bila mtu kuja kukagua zizi la baba zao. Nilimtilia shaka tangu alipoanza kumwita mama yangu "mama yetu", hata chai hajanywa.

Mama alichinja kuku. Kwetu firigisi huliwa na mwenye boma. Akiwekewa mgeni, ujue amepokelewa kwa moyo wote. Mama akaiweka kwenye sahani ya afisa.

Baba alikuwa ameiuzia kampuni hiyo miwa tangu sijazaliwa. Akauliza, "Lori yenu inabebanga muwa yangu mzima, na maganda ndani. Sasa umeme ikiuzwa, mimi niko na kitu hapo?"

Afisa akacheka kidogo. "Mzee, hayo tuachie sisi. Binti yako ataangalia mitambo tu. Mambo ya wakulima hayataingia kwa utafiti wake." Akanigeukia. "Tumeelewana, sivyo?"

Kumbe ndicho kilichomleta.

Baba akanyoosha mkono, akaichukua firigisi kutoka sahani ya mgeni, akaila. Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Afisa hakuwa mtu wa kwetu. Aliendelea kumega obusuma, ugali wetu, bila kujua kwamba ameshafukuzwa.

"Swali la baba litaingia," nikasema.

Akanawa mikono, akasema tutawasiliana. Hatukuwasiliana. Chuo kilipofunguliwa, mimi nilikuwa nafundisha hesabu katika shule moja upande wa Mukumu, nimeikasirikia kampuni, na baba pia nimemnunia, maana kiburi kilikuwa chake na masomo yalikuwa yangu.

Jioni moja baba akavuta kiti karibu nami. "Mama," akaniita, "hebu nielezee mimi hiyo maneno ya maganda. Anzia mwanzo."

Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye umeme, kilio kikanishika.