Mama mkwe wa mdogo wangu kanipa kipaza sauti mwenyewe

Admin nifiche vizuri, maana hapa Babati ukiuliza yule mama wa Bagara anayeongea sana unaletwa mpaka mlangoni kwangu. Nina miaka 48, shule niliishia la nne, ila mdomo Mungu alinipa wa kutosha. Sendofu nyingi za huku, zile sherehe za kumuaga binti anayeolewa, MC ni mimi, watu wanacheka mpaka wanasahau nyama.

Nina mdogo wangu wa kike kaolewa kule Mutuka. Tangu usichana, akiingia siku zake anajikunja kama kanywa sumu. Kwenye ndoa mtoto hakuna. Mume wake mtu mzuri, akauza ng'ombe wakaenda kupandikiza mimba, mimi nikawasindikiza. Daktari akatueleza taratibu kwamba ana ugonjwa unaitwa endometriosis. Nyama za kuota ndani ya kizazi zinaota nje, kila mwezi zinavuja damu huko huko, mayai yanaharibika. Wakavuna mayai, machache tu, wakayaunganisha na mbegu za mume. Tukakaa kusubiri simu. Simu ikaja ikasema viinitete, yaani yale mayai yaliyokwisha kuungana na mbegu, vimeacha kukua, hakuna hata kimoja cha kurudisha tumboni. Wanaweza kujaribu tena, ila kwanza ugonjwa utulizwe kwa dawa. Mdogo wangu alilia bila sauti, mimi nikamfunika na kanga yangu.

Sasa mama mkwe wake. Akatangaza mpaka kwenye jumuiya ya kanisani kwamba mkwe wake alitoa mimba akiwa shule, ndiyo maana tumbo limekataa. Siku moja mbele ya wageni akamuuliza, "Wenzako nawaita mama fulani, wewe nikuite mama nani?" Na saa hizi anamtafutia mwanae mke mwingine.

Ila Mungu jamani! Binti yake wa mwisho naye ana maumivu yale yale. Na aliyempeleka hospitali kimya kimya ni mdogo wangu huyo huyo. Ugonjwa ni ule ule. Jumamosi hii ni sendofu ya huyo binti, wakwe wapya hawajui kitu, na MC aliyeombwa na mama huyo mwenyewe ni mimi.

Yule mama alikuja kwangu na kuku, mpole kama siye. Kaniambia, "Mama fulani, mdomo wako naujua. La binti yangu liishie humu ndani."

Nikamwambia, "Jumamosi utasimama mbele ya watu useme mdogo wangu hajawahi kutoa mimba, ni mgonjwa tu. Usiposema, nitaeleza mimi ugonjwa wa kila mtu."

Akaondoka bila kuaga. Mpaka leo hajajibu. Kuku nimeshamla, alikuwa mtamu.

Tatizo ni mdogo wangu. Jana kanipigia, "Dada, yule mtoto hana kosa. Siku ile hospitali alinishika mkono mpaka tunatoka." Kweli hana kosa. Lakini nikimfikiria mama yake kakaa meza ya mbele na kitenge kipya anapigiwa makofi, huku mdogo wangu anaitwa muuaji wa watoto, damu inanichemka.

Wenzangu nishaurini. Akikaa kimya mpaka keki inakatwa, nimwage au nimeze? Na msiniambie niache hiyo kazi. Siachi, nguo nimeshashona.