Bi Sekunde na Swali la Bwana Slaidi

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Sekunde, kwa sababu hakuweza kuiona kompyuta inasuasua bila kuanza kuhesabu kwa midomo: moja, mbili, tatu. Ikifika tano ameshavuta kiti. Kazi yake ilikuwa kuitunza databesi, lile ghala la kumbukumbu za wagonjwa milioni nne, na kuhakikisha kwamba mtu wa dirishani akiulizia faili, linatokea kabla mgonjwa hajamaliza kupiga chafya.

Na tusifichane, alikuwa hasahau. Ukimkosea leo, kesho atakusalimia vizuri tu, keshokutwa atakuulizia hali ya watoto, lakini kosa lako ameshalihifadhi, na nakala ya akiba ameshaitoa.

Aliyemkosea kuliko wote alikuwa mkuu wa kitengo chake, bwana mmoja waliyembandika jina la Bwana Slaidi, maana huyo hata ukimwomba ruhusa ya kwenda msibani angekuonyesha slaidi kwanza. Bi Sekunde alikaa miezi mitatu akirekebisha utafutaji wa mafaili. Aliyapitia maswali yote, ndivyo wenyewe wanavyoyaita maagizo ya kuichimbua databesi. Lile lililokuwa linabeba safu sitini za taarifa wakati dirishani zinatakiwa nne, akalipunguza. Lile lililokuwa linamwendea mgonjwa mmoja mmoja, kama mtu anayehamisha lundo la mchanga kwa kijiko, akalifanya limalize kwa safari moja. Akaweka na indeksi, yaani orodha iliyopangwa inayoiambia kompyuta jambo liko ukurasa gani, isisome kitabu kizima. Sekunde arobaini zikashuka chini ya moja.

Siku ya kuwaeleza wakurugenzi, Bwana Slaidi akasimama na kuanza: "Nilivyoujenga utafutaji huu..." Nilivyoujenga! Bi Sekunde alipoinua mkono kusema kazi ni yake, bwana yule akacheka. "Huyu mama alinisaidia kuchapa." Mkutano mzima ukacheka naye. Wiki iliyofuata Bi Sekunde akahamishiwa chumba cha printa mbovu.

Kuchapa! Neno hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Alilala nalo, akaamka nalo, akanywa nalo chai.

Basi siku zikapita, ukaja mfumo mpya, na Bwana Slaidi, kwa kuwa sifa zimeshampanda kichwani, akasema swali la kutafuta wagonjwa ataliandika mwenyewe. Watu wa madirishani walikuwa wanaingiza majina ovyo, huku herufi kubwa, huku ndogo, huku nafasi mbili. Yeye akaona aliambie swali lake ligeuze kila jina lililohifadhiwa kuwa herufi kubwa na kufuta nafasi, kisha ndipo lilinganishe. Ukisikia, utasema kichwa kinafanya kazi. Lakini jina la ghalani ukishalikorofisha hivyo, indeksi haikusaidii tena, maana imepangwa kwa majina yalivyo. Kompyuta inalazimika kuvua na kuvisha majina yote milioni nne, kwa kila mgonjwa anayefika dirishani. Na mashine ya majaribio ilikuwa na wagonjwa mia mbili. Mia mbili tu, jamani! Swali likaruka kama panzi, bwana akajipigia makofi.

Kwenye dirisha la tatu la mapokezi alikaa dada mkubwa wa Bi Sekunde, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Jumatatu mfumo mpya ulipofunguliwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu.

"Mdogo wangu, hiki kitu kimekufa? Nina watu themanini hapa, na jina moja linachukua karibu dakika."

Ufunguo wa kuingilia kwenye databesi hawakukumbuka kumnyang'anya. Bi Sekunde akafungua mpango wa utekelezaji, mahali ambapo databesi hukiri yenyewe itaifanyaje kazi uliyoipa, na mstari wa kwanza ukamwambia: kusoma jedwali zima. Akatabasamu peke yake. Dawa ilikuwa ya dakika kumi. Unatengeneza safu ya majina yaliyokwisha kusafishwa, unaiwekea indeksi, na jina linaloulizwa unalisafisha kabla ya kuliingiza. Basi, imekwisha.

Aliweka vidole kwenye kibodi. Halafu akakumbuka "kuchapa", akaviondoa. Baada ya siku kumi na mbili wakurugenzi wangekaa kuukagua mfumo mpya. Siku za mwizi ni arobaini; za huyu zilitosha kumi na mbili.

"Vumilia kidogo, Dada," akasema. "Watashughulikia."

Dada akavumilia. Foleni ilitoka mlangoni, ikazunguka ukuta, ikafika getini. Sekunde hamsini na mbili kwa jina moja, na ukikosea herufi, hamsini na mbili nyingine. Watu hawakumwona Bwana Slaidi, walimwona mwanamke wa dirisha la tatu. Wakamwita mvivu, wakamwita mchawi, wakamuuliza kama analipwa kwa kukaa. Siku ya saba, mwanamume aliyebeba mtoto mwenye homa alipenyeza mkono dirishani akamzaba kofi.

Dada alikuja kwenye chumba cha printa shavu limevimba. Bi Sekunde akalowesha kitambaa, akamkanda.

"Miaka kumi na tisa niko pale," dada akasema. "Sijawahi kuwaogopa wagonjwa. Leo nawaogopa."

Bi Sekunde alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini moyoni alisema: hata hili kofi utalijibia wewe, Bwana Slaidi. Hivyo ndivyo kisasi kinavyompofusha mtu. Zilibaki siku tano, naye akaziacha zipite.

Bwana Slaidi, kwa kujihami, akaandika ripoti kwamba kuchelewa kote kunatokana na uzembe wa watumishi wa madirishani, na akataka mkubwa wao aitwe kikaoni ajieleze. Mkubwa wao ni nani? Dada.

Siku ya kikao dada alikaa pembeni na sare yake, mikono mapajani. Bwana Slaidi alikuwa kwenye slaidi ya tisa mlango ulipofunguliwa, akaingia Bi Sekunde na kompyuta kwapani.

"Samahani, wakubwa. Naomba sekunde hamsini na mbili tu."

Akaandika jina la mgonjwa, akabonyeza, akawageukia. "Tuhesabu pamoja." Na kweli, mkurugenzi mkuu alianza kuhesabu. Ilipofika thelathini, mtu akakohoa. Ilipofika hamsini, Bwana Slaidi alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi.

"Sasa mkuu wangu atusomee mpango huu. Mstari wa kwanza tu. Kwa sauti."

"Kusoma jedwali zima," akasoma Bwana Slaidi.

"Lenye wagonjwa wangapi?"

"Milioni nne."

"Na wewe ulijaribu kwa wangapi?"

Mkurugenzi akalirudia swali lile yeye mwenyewe, ndipo jibu likatoka: mia mbili. Bi Sekunde akafungua mashine ya majaribio aliyoijaza wagonjwa wote milioni nne, akauliza kwa swali aliloliandika yeye, na jina likatokea kabla hajainua kidole. Looh! Watu wakaangaliana.

"Mimi nasaidia kuchapa tu," akasema. Utamu wa neno lile, msiniulize. Aliusikia mpaka kwenye nyayo.

Mkurugenzi akatikisa kichwa. "Tatizo hili uliligundua lini, mama?"

Naye, kwa kutaka kumkandamiza mtu wake mpaka mwisho, akajibu kwa madaha: "Siku ya kwanza, mheshimiwa. Saa nne asubuhi. Dawa yake ni dakika kumi."

Dada akainuka. "Siku ya kwanza?"

"Dada, mimi nilikuwa..."

"Si mimi niliyekupigia simu?" Akagusa shavu lake, akatoka.

Mchana ule Bwana Slaidi alikabidhi funguo, na dawa ikawekwa. Bi Sekunde hakungoja hata kupongezwa, alishuka ngazi mbio hadi mapokezi. Foleni ilikuwa inayeyuka. Majina yalikuwa yanatokea papo hapo, watu wanacheka, mzee mmoja anambariki dada kwa wepesi wa mikono yake.

Alisimama mbele ya dirisha la tatu. "Dada, nisamehe."

Dada hakumtazama. Alitazama juu ya bega lake, kwa watu waliokuwa nyuma.

"Anayefuata!"

"Dada..."

"Wewe kama si mgonjwa, pisha," akasema dada. "Wenzako wamengoja siku kumi na mbili."

Mwanamke wa nyuma akamsukuma kidogo kwa kiwiko, naye akapisha.