Floti ya Pikipiki ya Baba

Mlenda wa mama yangu unasifiwa mtaa mzima hapa Nkuhungu. Kwa hiyo siku ile mgeni wake wa kanisani aliporudisha tonge kwenye sahani na kuuliza, kwa adabu zote, kama siku hizi tunapikia mafuta ya taa, sote tuliacha kutafuna.

Mama aliinuka akaenda moja kwa moja bandani, mahali anapoanikia majani ya mlenda kwa sababu jua la Dodoma likiyapata sawasawa linayaunguza. Ungo wa majani ulikuwa chini. Juu yake imesimama pikipiki ya baba, na kwenye kabureta linaning'inia tone la petroli, limenona, halina haraka.

"Jumamosi anapita yule bwana wa vyuma chakavu," mama alisema kutoka kule kule bandani, sauti ya kutusikilizisha sote. "Akikuta bado inavuja, anaibeba."

Pikipiki hiyo baba aliitumia alipokuwa bwana mifugo Mpwapwa. Alikwenda nayo mpaka vijiji vya Gulwe, sanduku la chanjo nyuma, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Alipostaafu na kuhamia mjini akaja nayo. Kila asubuhi anaifuta, na Jumapili anaizungusha mpaka barabara kubwa na kurudi. Starehe nyingine hana. Pombe hanywi, na bao ameacha kwa sababu anasema wenzake wanaiba kete. Alipoisikia hukumu ya mama alinitazama mimi. Nauza mitumba soko la Majengo. Kubishana ndiyo kazi iliyonilea.

"Mama," nikaanza, mgeni alipokwishaondoka, "kuvuja maana yake nini hasa? Tone moja kwa siku?"

"Nusu tone."

"Nusu tone halidondoki, mama."

"Basi hata harufu."

Nikaona bei inapanda, nikakubali.

Kesho yake tukaifungua kabureta, baba na mimi, tumekaa kwenye vigoda. Kwa asiyejua: chini ya kabureta kuna kibakuli cha petroli, na ndani yake kuna floti, kidude cha shaba chenye hewa tumboni. Petroli ikijaa, floti inapanda na kuisukuma sindano iliyo juu yake, sindano inaziba tundu, petroli inasimama. Ni kama lile puto la ndani ya tangi la choo cha kuvuta maji. Zamani kulikuwa na koki ya kusaidia, chini ya tangi la petroli, lakini ya kwetu ilikufa siku nyingi. Ifunge, ifungue, petroli inapita tu. Kazi yote ilikuwa ya floti na sindano yake.

Skrubu za kibakuli niliziweka kwenye kifuniko cha chupa. Nikazihesabu, nikazihesabu tena.

"Zimezaana?" baba akauliza.

Tuliweka sindano mpya na gasketi mpya, ambazo mwenye duka la spea alinihakikishia kwamba zinaingia pikipiki yoyote tangu pikipiki ziumbwe. Tukafunga, tukatia petroli, tukasubiri. Likaja tone, likafuatwa na mwenzake. Mama alipita na ndoo ya maji akasema, "Endeleeni tu, wafanyakazi," akaingia jikoni.

Tulipofungua tena, nikaichukua floti na kuitikisa sikioni. Ndani kukasikika kitu, kama kibuyu kilichobaki na maji kidogo. Nikampa baba. Aliisikiliza macho yamefumbwa, kama alivyokuwa akisikiliza ndama, kisha akaishusha.

"Huyu ana maji tumboni," akasema.

Mgonjwa kumbe alikuwa floti mwenyewe. Ana tundu mahali, petroli imemwingia, amekuwa mzito na hawezi tena kuelea mpaka juu. Baba akaleta bakuli la maji ya moto, tukaliweka uani, mbali na jiko, tukaizamisha floti. Halafu kwenye ukingo, penye mshono, vikaanza kutoka vipovu vidogo, kimoja kimoja, kama vya samaki mchanga.

"Huyo! Huyo! Huyo!" Baba alikuwa amesimama, ananyoosha kidole, na jirani akachungulia ukutani akidhani tumeona nyoka.

Fundi pikipiki wa barabarani alitaka kuiziba kwa lehemu ya redio. Nilipoliona lile donge alilokuwa analiandaa nikamnyang'anya floti yangu. Ukiibandika donge kama lile, unaponya tundu na kuirudishia uzito ule ule. Kitu hiki kilihitaji mkono wa mtu anayepima vitu vidogo. Nikaipeleka mjini kwa sonara mmoja, mzee wa Kikondoa mwenye kofia safi na miwani ya kuning'inia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hereni?"

"Floti ya kabureta."

Aliigeuza, akainusa, akanirudishia. "Kwanza ikaushe. Hiki kikiwa na petroli tumboni siwashi moto mimi. Nina wajukuu."

Nikairudisha nyumbani, nikaizamisha maji ya moto tena na tena mpaka ikanyamaza sikioni, nikaianika siku nzima. Ijumaa nikarudi. Akanusa, akaridhika, akataja bei. Ilikuwa bei ya pete.

"Mzee, hii ni shaba. Haiendi harusini."

"Moto wangu, binti, haujui shaba na dhahabu. Unawaka ule ule."

"Basi nitoze moto, dhahabu uitoe."

Akacheka mpaka miwani ikadondoka kifuani, na mtu akicheka kwenye biashara umeshampata nusu. Nusu nyingine alibaki nayo. Nililipa zaidi ya nilivyopanga na sitaki kuulizwa. Lakini alifanya kazi. Aliipima floti kwenye mizani yake ya dhahabu, akatia lehemu punje moja, akaipima, akapiga tupa, akaipima. Nikamwomba apime tena.

"Umelelewa sokoni wewe," akasema, akapima tena.

Jioni tukafunga, tukatia petroli, baba akaweka karatasi nyeupe chini. Jumamosi asubuhi tulimkuta mama ameshatangulia bandani. Karatasi ilikuwa nyeupe. Alipitisha kidole chini ya kibakuli, akakinusa. Akainama akanusa kabureta yenyewe, taratibu, kama anayetafuta nyama iliyochacha. Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Bwana wa vyuma chakavu akapiga hodi na mkokoteni wake.

"Mama, ndiyo hii?"

"Subiri," mama akasema. "Imesimama haivuji. Ikitembea je?"

Hilo halikuwemo kwenye makubaliano, na nilikuwa nafungua mdomo kudai haki, baba akanizuia kwa mkono. Aliisukuma nje, akapiga kiki. Akapiga tena. Ya tatu ikaitika, moshi kidogo, kisha ule mlio wake wa kukohoa na kucheka. Mama akakaza kitenge, akakaa upande nyuma yake, akashika shati la baba kwa vidole viwili kama anashika kuku wa mtu.

"Mpaka dukani na kurudi," akamwambia.

Wakaondoka. Yule bwana akakaa kwenye mkokoteni, mimi kwenye kigoda. Duka haliko mbali, lakini tulikaa mpaka akanisimulia habari za mkewe na za bei ya chuma, na nikamwuzia mkanda wa mtumba.

"Dada, hawa wazee wanarudi?"

Ndipo tukausikia mlio. Wakatokea kwenye kona na vumbi lao, baba ameinua kidevu, mama sasa amemkumbatia kiunoni kwa mkono mmoja na mwingine anautumia kuwapungia majirani. Nilisimama kuwafungulia geti. Pikipiki ikapita mlangoni bila kusimama, ikashika njia ya barabara kubwa.