Vishimo Tisini na Sita vya Mama Baridi

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Baridi anavaa glavu mbili, moja juu ya nyingine, anavuta mlango wa jokofu namba nne, na ukungu mweupe unamwagika hadi miguuni pake. Humo ndani ni nyuzi themanini chini ya sifuri. Anachomoa kasha moja, anausukuma mlango kwa nyonga.

"Jokofu hili halipendi wambea," anasema. "Ukifungua, chukua chako uondoke."

Mezani anasubiriwa na fundi wa mashine, mwanamume mwenye kipara na miwani isiyokaa puani. Mbele yao kuna kisahani cha plastiki, upana wa kiganja, chenye vishimo tisini na sita vilivyopangwa kwa herufi na namba.

"A moja, juu kushoto," anatamka Mama Baridi, kidole juu ya herufi.

"Nimeiona."

"Hujainama hata kidogo. Umeionea wapi?"

Fundi anainama. "Haya, mama. A moja, juu kushoto. Tuapishane sasa?"

"Tungeapishana mwezi wa tatu, leo tusingekuwa hapa."

Mama Baridi ana miaka arobaini na saba. Aliingia jengo hili akiwa mfagiaji. Leo ndiye mtunza sampuli wa maabara ya vinasaba, na mirija elfu kumi na moja ya damu iko mikononi mwake. Damu hiyo ilitolewa na familia zenye watoto wa seli mundu. Mshahara wake unatosha kodi ya vyumba viwili na ada ya mtoto mmoja. Ya wa pili inatoka kwenye cherehani ya mumewe.

Kwa miaka tisa sampuli zilipelekwa nje kusomwa, kwa kuwa hapa hapakuwa na mashine.

"Washirika wetu si watu wabaya," anasema. "Majokofu haya walitupa wao, na kazi walitufundisha wao. Lakini damu ikishapanda ndege, maswali nabaki nayo mimi. Akina mama wananisimamisha getini: 'Dada, majibu yetu vipi?' Nasema yanakuja. Miaka tisa, yanakuja tu!"

Mwaka jana mfuko wa taifa wa utafiti ulikubali, kwa mara ya kwanza, kugharamia mashine na kemikali zake kwa miaka mitatu. Sharti likawa moja. Sampuli tisini na sita zisomwe hapa na zisomwe nje, kisha majibu yalinganishwe. Zikilingana tisini na nne au zaidi, kazi inabaki hapa na majibu yanarudi kwenye kliniki za familia hizo. Zikipungua, fedha zinasitishwa na mirija yote inasafirishwa.

Mwezi wa tatu majibu yakaja. Haikulingana hata moja.

Lawama zote zikaangukia mashine, na kwa hiyo fundi wake. Siku mbili nzima huyo hakusalimia mtu. Mama Baridi akaomba orodha zote mbili, akazitandaza sakafuni na rula mkononi. Jibu la kwanza la nje lilikuwa sawa na la mwisho la hapa. La pili la nje, sawa na la pili kutoka mwisho.

"Nikaenda kukichukua kisahani chenyewe, nikakigeuza," anasimulia.

Visahani vya zamani, vya msaada, vilikuwa na kona moja iliyokatwa, na kona hiyo ilikaa jirani na A moja. Vipya, vilivyonunuliwa kwa fedha za taifa, vilitoka kiwanda kingine, na kona yao iko pembe ya mkabala, jirani na kishimo cha mwisho. Yeye aliifuata kona, akajaza kisahani chote kuanzia mwisho. Fundi alifuata herufi, kama inavyotakiwa.

"Mkono ulishazoea kona. Herufi sikuzisoma. Kitu unakifanya miaka tisa, nani asome?"

Angeweza kunyamaza. Akapanda ngazi hadi kwa mkuu wa maabara.

"Daktari, mashine haina kosa. Ni mimi."

"Unajua unachosema? Nikiandika hivi, cheo chako kinaingia kwenye ripoti."

"Kiingie. Ila mirija isiondoke kwa ajili ya kona ya plastiki."

Aliandikiwa barua ya onyo. Washirika wa nje nao walikataa orodha igeuzwe tu na mambo yaishe. Walisema majibu yakishaonekana, kuyapanga upya si mtihani tena. Wakatoa nafasi moja ya mwisho, kwa sampuli nyingine kabisa.

"Ningekuwa wao, na mimi ningekataa," anasema.

Nafasi yenyewe ni asubuhi hii. Anajaza kishimo kimoja kimoja, fundi akisoma namba ya kila mrija kwa sauti. Kwenye kishimo cha sitini simu inaita mfukoni mwake. Hatikisiki.

"Labda ni shemeji," fundi anamchokoza.

"Shemeji yako anajua leo nimeolewa na kisahani. Soma namba!"

Siku kumi na tisa baadaye, sauti yake inapasuka kwenye simu: "Tisini na tano!"

Na mrija mmoja uliobaki je?

"Damu yake ilikuwa kidogo tangu mwanzo, hata wao imewashinda. Tisini na tano, jamani! Mirija haiendi popote!" Nyuma yake fundi anapiga meza kama ngoma.

Sasa amemwomba mkuu wake jambo moja tu: awemo kwenye msafara wa wauguzi watakaopeleka majibu. Ameshaanza kuorodhesha familia, mtaa kwa mtaa. Wengine wamehama. Wengine wamefiwa na watoto waliowaleta mgongoni siku ile ya kutoa damu.

"Hao nitaanza nao," anasema.

Anaulizwa majibu yatawasaidia nini wazazi ambao mtoto ameshaondoka.

"Wengi wana watoto wengine," anajibu. "Na asiye na mwingine, nitamkalisha, nimsomee jibu la yule yule aliyeondoka. Niliposema yanakuja, nilikuwa namtazama usoni."