Sabuni ya Kabatini

Historia ya magonjwa ya Nairobi haiko maktaba. Iko Ziwani, kwenye nyumba za zamani za kaunsili, safu ya tatu kutoka mferejini, ndani ya sanduku la bati la Roseline Awuor. Ukilifungua utakuta tisheti kumi na nne. Ya manjano ni ya kifua kikuu. Ya kijani ni ya vyandarua. Mtaani hakuna mbu wa malaria wa kutajika, lakini mradi ulikuwa na vyandarua, na vyandarua vilitaka watu. Ya bluu ni ya kondomu, ambayo mumewe, marehemu Baba Willis wa Reli, alimkataza kabisa kuivaa kwenye njia ya kwenda kanisani. Nyeupe mbili ni za korona. Kila moja ina maneno ya busara kifuani na alama za wafadhili mgongoni, tele kama vibandiko kwenye gari la mashindano.

Miaka kumi na tisa Roseline amekuwa mhudumu wa afya ya jamii. Maana yake ni mtu anayebisha mlango wa jirani saa nne asubuhi kumuuliza mara ya mwisho kuhara ni lini, halafu saa tano anamkopa chumvi. Mshahara ulikuwa soda, tisheti, na "asante sana, Mama." Tisheti zikichakaa alizikata matambara. Amepiga deki kwa kifua kikuu, amepangusa meza kwa Ukimwi, na sufuria ya ugali ameshaiteremsha jikoni mara elfu kwa uzazi wa mpango.

Kitu kimoja tu alikitaka kwa miaka hiyo yote, na hakikuwa tisheti. Alitaka tangi la maji. Mfereji wa ua wao ulikuwa wa nyumba thelathini na mbili, na maji yalikuja Jumanne na Ijumaa, yakijisikia. Siku nyingine ni mitungi ya kununua, na maji ya mtungi yana mpangilio wake: kwanza chai, halafu sufuria, halafu mtoto, na mikono ingoje. Mwaka uliopita, Bilan, binti wa miaka minne wa jirani yake Khadro, alibebwa hospitalini na kipindupindu, macho yamezama, ngozi ukiivuta inabaki imesimama. Roseline ndiye aliyembeba, huku Khadro akikimbia nyuma viatu mkononi. Mtoto alipona. Lakini tangu siku hiyo Roseline hakuweza kumwona Bilan akitoka chooni bila moyo kumruka.

Kwa hivyo Patrobas alipotokea na neno "tangi" mdomoni, Roseline alimpa kiti chenye mto.

Patrobas aliitwa Daktari, ingawa mwenyewe alikiri hajawahi kumdunga mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa tabia. Alisomea kwa nini watu hawanawi mikono, akasomea miaka saba, na hajawahi hata siku moja kubeba mtungi.

"Mama Willis," alisema, "mfadhili ana matangi mawili na mitaa minne. Tangi litakwenda kwa jamii iliyo tayari kubadilika."

"Tuko tayari tangu uhuru, Daktari."

"Itabidi ipimwe."

Upimaji wenyewe ulikuwa sabuni. Kila nyumba ilipewa kipande kimoja, cheupe kama meno ya tangazo, kimefungwa kwa karatasi ya kung'aa, kinanukia kama bibi harusi. Watu watie sahihi fomu ya kurasa tisa, watumie kawaida, naye atarudi baada ya wiki sita.

Hapo Roseline akafanya kosa la kwanza, na alilifanya kwa uaminifu wote wa miaka kumi na tisa. Alipita mlango kwa mlango na tisheti yake ya manjano akiwaonya: "Hii ni sabuni ya mradi. Mtu asinichezee nayo. Daktari akirudi aikute iko sawa!"

Na ikakaa sawa. Ziwani, kitu kizuri hakitumiki, kinangoja mgeni. Kila sebule ina kabati la vioo, na ndani ya kabati kuna vikombe vya wageni, glasi za wageni, na sahani zenye maua ambazo mwenye nyumba hajawahi kulia. Sabuni ya mradi ikapanda kabatini. Kwa Roseline ilikaa kati ya birika la harusi na saa aliyopewa Baba Willis alipostaafu Reli. Kwa Khadro ilikaa juu ya kitambaa cha kufuma, kando ya chetezo cha ubani. Mzee Tobias wa nyumba ya pembeni, aliyekuwa karani wa kaunsili na mpaka leo anaongea kama anapiga muhuri, aliifungia na ufunguo. Mikono waliinawa, maji yakiwapo, kwa sabuni ya mche, ile ndefu ya kukatwa kwa kisu, ambayo kwa wiki moja hufua, huosha vyombo, huogesha mtoto na kuondoa doa la mafuta ya taa.

Wiki sita zikaisha. Patrobas akarudi na kikapu, akakusanya sabuni zote, jambo lililowashangaza watu kuliko muujiza wowote, maana nani ameshaona msaada ukirudishwa? Kisha akawaita ukumbini asome matokeo.

"Ndani ya kila sabuni," alisema huku akionyesha mchoro ukutani, "kulikuwa na kifaa kidogo. Kila sabuni inapotikisika, kinaandika. Mtaa wa Donholm, wastani wa kunawa ni mara sitini kwa siku. Ziwani..." Akakohoa. "Ziwani, kwa wiki sita, nyumba thelathini na mbili, mmenawa mara kumi na moja."

"Subiri kidogo, Daktari," alisema Mzee Tobias. "Yaani sabuni ilikuwa askari kanzu?"

"Iko kwenye fomu, Mzee. Ukurasa wa saba."

"Na hizo kumi na moja ni nani huyo fisadi aliyekuwa akinawa?"

"Hizo ni siku ya kupangusa kabati," Khadro alisema polepole, naye akamgeukia Roseline. Wote wakamgeukia. Roseline alisimama akaeleza habari ya kabati, ya wageni, ya sabuni ya mche, na ya vile yeye mwenyewe ndiye aliyewaonya watu wasiiguse. Patrobas aliandika kila neno kwa bidii.

"Hii ni data tamu sana, Mama," alisema. "Itaingia kwenye sehemu ya mapungufu."

Tangi la kwanza likaenda Donholm.

Donholm wenyewe walikuwamo utafitini kwa ajili ya kulinganisha tu, jinsi unavyoalika jirani mwenye gari arusini ili picha zipendeze. Siri ya mikono yao safi ililetwa na Carolyne, binti wa Roseline, anayefanya kazi ya nyumba huko. Jumapili moja alikuja akicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Mathe, ile sabuni yenu? Madam wangu aliiweka juu ya mashine ya kufua. Mashine ikianza kuzunguka, nyumba nzima inatetemeka. Si mnajua anafua kila siku? Ile sabuni imeshikwa na homa wiki sita!"

Roseline hakucheka. Alikuwa akiangalia kabati lake, pale palipobaki duara safi katikati ya vumbi.

Mfadhili alikuwa na pesa zilizobaki, na pesa za mfadhili zikibaki huota awamu ya pili. Patrobas akarudi na shati lilelile na sabuni mpya. Tangi la pili lilikuwa bado halijapata mwenyewe.

Safari hii Roseline alipita mlango kwa mlango bila tisheti. "Sikiliza, Mama Bilan," alimwambia Khadro, akishusha sauti. "Nimekuwa mkweli miaka kumi na tisa. Umeona ilivyonilipa. Cherehani yako bado inafanya kazi?"

"Kutwa."

"Basi ifunge sabuni kwenye ule mguu unaorukaruka."

Khadro akaenda kutafuta kamba.

Ikawa ni kazi ya mtaa mzima, na kwa mara ya kwanza tangu sensa watu walishirikiana. Sylvance, kijana wa bodaboda, aliifunga ya mamake chini ya kiti cha pikipiki, na mikono ya mwanamke huyo ikanawa mpaka Kitengela na kurudi. Mzee Tobias, baada ya kulalamika kwamba jambo hili ni kinyume cha kanuni, aliifunga yake shingoni mwa jogoo. Jogoo akawa mnyama msafi kuliko wote katika Kaunti ya Nairobi. Roseline pekee hakuifunga popote. Aliitikisa ya kwake kwa mkono, asubuhi na jioni, kama kayamba, mpaka kifundo kikavimba. Akiwa na aibu ya kudanganya, alitaka angalau kudanganya kwa jasho.

Na katika wiki hizo sita, huku sabuni zikicheza mtaa mzima, mfereji ulitoa maji siku nne tu.

Siku ya matokeo mfadhili alikuja mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye tabasamu la kudumu, ambaye Patrobas alikuwa akimtafsiria. Mchoro ukutani ulipanda kama ndege ya jeshi. Ziwani ilikuwa imeipita Donholm mara tano. Watu wakashangilia, Mzee Tobias akasimama na kuinama pande zote kwa niaba ya jogoo wake. Roseline alikaa safu ya mbele mikono imebanwa mapajani, akisubiri neno moja.

Mfadhili akasema jambo refu. Patrobas akatafsiri, na akitafsiri alikuwa akitazama viatu vyake.

"Anasema mmemfundisha. Anasema dunia nzima ilidhani watu wanahitaji maji kwanza ndipo wabadilike. Nyinyi mmethibitisha kwamba tabia njema haingoji miundombinu. Kwa hivyo... kwa hivyo tangi litapelekwa kwa jamii iliyo na uhitaji zaidi."

Makofi yalikatika vipandevipande.

Roseline akasimama. "Daktari, mwambie mfereji wetu hauna maji."

Patrobas akamwambia. Mfadhili akaweka mkono kifuani, macho yakamlowa.

"Anasema ndiyo maana mnamshangaza," alisema Patrobas.

"Mwambie basi, Roseline!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Mwambie ukweli!"

Lakini ukweli ulikuwa na thamani gani sasa? Aseme na nyumba thelathini na mbili zijulikane kuwa za matapeli, au anyamaze na zijulikane kuwa za malaika wasiohitaji maji. Akaketi.

Alimfuata Patrobas garini wageni walipokuwa wakinywa soda.

"Daktari, tulidanganya. Sabuni ilikuwa kwenye cherehani. Kwenye pikipiki. Kwenye jogoo."

Patrobas alifunga mlango wa gari taratibu.

"Mama Willis, nilijua. Kuna nyumba ilinawa mfululizo kwa dakika sabini, ikapumzika, ikanawa dakika nyingine sabini. Mimi si mjinga."

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Makala yangu ya utafiti imeshakubaliwa kuchapishwa. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nikisema namba ni za jogoo, mimi nitaenda wapi?" Alionekana mdogo ghafla, na kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa na fundi upande usiochakaa. Kisha akaingiza mkono kwenye buti la gari, maana hakuwa na kingine cha kutoa. "Chukua hii, Mama. Imeandikwa jina la mtaa wenu."

Tisheti ya kumi na tano ilikuwa ya zambarau. Kifuani: ZIWANI TUNANAWA! Mgongoni, alama za wafadhili saba.

Roseline aliitia kwapani akarudi uani. Kwenye mfereji mitungi ilikuwa imepangwa foleni bila wenyewe, kama waumini wa dhehebu linalomsubiri nabii asiyekuja. Khadro alikuwa juani, ameinamia cherehani, bado hajafungua ile kamba. Alikuwa ameshasikia.

"Wanasema Mathare kimerudi," Khadro alisema bila kuinua kichwa. "Kipindupindu. Juzi wamechukuliwa watu watatu."

"Nimesikia."

Mlango wa choo cha safu ukafunguka na Bilan akatoka mbio, gauni limekwama kwenye chupi, mikono imenyooshwa mbele vidole vimetanuliwa, kama Roseline alivyomfundisha mwenyewe: usiguse kitu mpaka unawe.

"Nyanya, nimemaliza! Ninawishe!"

Roseline aliinua mtungi wake. Ulikuja mwepesi, mtupu. Akautikisa wa Khadro. Nao ukacheza hewani. Akaangalia wa Mzee Tobias, nao mkavu, akauacha. Mtoto alikuwa bado amesimama, mikono mbele, akimngoja kwa imani yote, huku inzi mmoja akizunguka juu ya vidole vyake.

Basi Roseline akapiga magoti. Akakunjua tisheti mpya, ikiwa bado na mikunjo ya kiwandani, akaizungusha kidoleni, akaanza kuipangusa ile mikono midogo, kidole baada ya kidole, kwa upande wa maandishi.